Utendi, ngano na umugani: msamiati wa kusimulia upya hadithi za kale

Mfasiri anapokutana na utungo kama ule wa Gilgamesh wa Mesopotamia, au zile za Homer wa Ugiriki, au ule wa Mwindo wa Wanyanga wa Kongo ya mashariki, auiteje kwa Kiswahili? Kamusi nyingi humjibu kwa neno utenzi, au kwa ndugu yake, utendi. Jibu hilo si kosa, ila linaficha mambo mawili. La kwanza ni kwamba neno hilo limebeba maana mbili ambazo hazilingani, moja ya umbo na nyingine ya maudhui. La pili ni zito zaidi: hadithi ya shujaa wa kale si kitu kilichokwisha kukamilika kinachongoja kupewa jina. Ni tendo linalofanywa upya kila linaposimuliwa, na Kiswahili kina msamiati mpana wa tendo hilo kuliko ule tunaoutumia darasani. Makala haya yanaanza na maneno yenyewe, kisha yanapanda hadi nyanda za juu za Kigoma, katika nchi ya Buha, ambako mwalimu mwanafunzi wa Kabanga akitumwa nyumbani kukusanya hadithi za wazee hukuta kwamba swali hili si la istilahi tu.

Utenzi na utendi

Kwa asili haya ni neno moja lililotamkwa kwa lahaja mbili. Shina ni -tend-. Kiambishi tamati -i kinapoifuata sauti d, lahaja za kusini huigeuza kuwa z, kama linda inavyotoa mlinzi na penda inavyotoa mapenzi. Lahaja za kaskazini zimeihifadhi d, ndiyo maana washairi wa Lamu na Pate husema utendi. Maana ya msingi basi ni jambo lililotendwa, na kwa maana hiyo neno lingefaa kabisa kwa habari za mashujaa.

Lakini matumizi yalilipeleka neno upande mwingine. Utenzi umekuwa jina la umbo: ubeti wa mishororo minne, kila mshororo mizani minane, mishororo mitatu ya kwanza ikikubaliana kwa vina, na wa nne ukibeba kina kinachopita utungo mzima toka mwanzo hadi mwisho. Ndani ya umbo hilo huingia kila kitu. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani mwaka 1728, unasimulia vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi. Humo mna majeshi, farasi na mashujaa. Utendi wa Mwanakupona wa mwaka 1858 hauna vita hata kimoja. Ni wasia wa mama mgonjwa kwa binti yake. Hemedi bin Abdallah alilitumia umbo hilohilo mwaka 1891 kueleza vita vya Wajerumani na watu wa Mrima, na Shaaban Robert akalitumia kwa Vita vya Pili vya Dunia katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1967. Kwa umbo zote ni tenzi. Kwa maudhui, msomaji wa Homer angezitambua baadhi tu kuwa ndugu wa kile anachokijua.

Ndiyo sababu madarasa mengi ya fasihi simulizi leo hutenga maneno haya: utenzi kwa umbo, utendi kwa masimulizi marefu ya mashujaa, yawe na mizani minane au yasiwe nayo. Mtu wa Lamu ana haki ya kucheka akisikia lahaja yake imegeuzwa istilahi. Hata hivyo utengano huu unasaidia, nami naupendekeza kwa wafasiri, kwa sharti kwamba msomaji aelezwe mara ya kwanza neno linapotumika. Bila hivyo, atakayesoma kwamba Wanyanga wana utenzi wa Mwindo atatazamia beti, naye atakuta nathari iliyochanganywa na nyimbo.

Utungo usiokuwa na mwanzo wala mwisho

Mwindo anastahili kusimama kidogo. Mwaka 1956, Candi Rureke, msimulizi wa Kinyanga, aliusimulia utendi huo kwa muda wa siku kumi na mbili mbele ya Daniel Biebuyck na wasaidizi wake, akisema, akiimba, akicheza, huku wenziwe wakipiga na kuitikia. Kitabu kilitoka mwaka 1969 kwa majina ya Biebuyck na Kahombo Mateene. Humo imo habari ambayo wanafunzi wengi huipita haraka: Rureke alisema mara kadhaa kwamba hajawahi kabla ya hapo kuisimulia hadithi yote mfululizo. Desturi ilikuwa kuteua sehemu, kwa jinsi hadhira inavyotaka na jinsi usiku unavyoruhusu. Utendi mzima, kwa maana ya kitabu chenye jalada mbele na nyuma, ulizaliwa kwa sababu alikuwapo mtu aliyetaka kuuandika. Miaka tisa baadaye Biebuyck alichapisha matoleo mengine kutoka kwa wasimulizi wengine, na Mwindo wa huku si Mwindo wa kule.

Jambo hili halikuwa geni kwa wataalamu. Milman Parry na Albert Lord waliwasikiliza waimbaji wa Yugoslavia katika miaka ya 1930. Mmoja wao, Avdo Međedović, aliimba mwaka 1935 utungo uliozidi mishororo elfu kumi na mbili. Lord alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1960 kwamba mwimbaji wa namna hiyo hakariri. Anatunga papo hapo, kwa kutumia virai vilivyozoeleka na matukio yaliyozoeleka. Kiswahili kinaweza kuitaja tofauti hii bila kukopa neno. Kukariri ni kurudia maneno kama yalivyo. Kughani ni kutoa utungo kwa sauti iliyo kati ya usemi na wimbo. Kutamba hadithi ni kuisimulia mbele ya watu kwa madaha na ustadi. Anayeandika kwamba Rureke alikariri utendi amesema jambo ambalo Rureke mwenyewe angelikana.

Wakati kitabu cha Mwindo kikiwa bado kipya, Ruth Finnegan aliandika mwaka 1970 kwamba utendi hauonekani kuwa utanzu wa kawaida wa Afrika. Isidore Okpewho alimjibu kwa kitabu kizima mwaka 1979, na M. M. Mulokozi akachunguza tendi zinazoimbwa kwa nanga na Wahaya wa Kagera katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya mabishano yale ilihusu mpaka wa neno: je, utungo uliochanganya nathari na wimbo uhesabiwe? Kama swali lingeulizwa kwa kuanzia maneno ya wenyeji, lingekuwa fupi zaidi. Wanyanga wana jina lao la utanzu huo, karisi, na hawakuwahi kuona shaka kwamba upo.

Liyongo wawili

Pwani tuna mfano ulio wazi wa shujaa mmoja aliyesimuliwa mara nyingi. Edward Steere alichapisha habari za Liyongo kwa nathari mwaka 1870, katika mkusanyo wa hadithi alizozipata Zanzibar. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliziandika kwa beti za utenzi mwaka 1913. Matukio makuu ni yaleyale: kifungo, mkate wa makapi wenye tupa ndani yake, kelele za ngoma zilizoficha sauti ya tupa, mtoto aliyeahidiwa makuu akamchoma babaye kitovuni kwa sindano ya shaba, na maiti iliyopiga goti kisimani na upinde mkononi hata watu wakaogopa kuteka maji.

Tazama lakini jinsi kila msimulizi anavyomwingiza shujaa. Nathari ya Steere inamtaja mapema kama mtu mwenye nguvu aliyewaudhi watu wa mjini. Kumfunga kunaonekana kama jambo ambalo raia wangelitamani. Kwa Kijumwa, kiini ni hofu ya Sultani wa Pate asije akanyang'anywa utawala. Liyongo anakuwa mtu aliyeonewa, tena mshairi na mwungwana. Hakuna aliyelibadilisha tukio la sindano, ila sindano hiyo ina uzito tofauti katika kila kisa. Mwanafunzi anayeandika kwamba "kisa cha Liyongo kinasema" anapaswa kuulizwa: kinachosemwa na nani? Emmanuel Mbogo naye alimpandisha Liyongo jukwaani katika tamthilia, na jukwaa lina matakwa yake: kile ambacho mtenzi hukieleza kwa ubeti mmoja lazima mhusika akitamke au akitende.

Ngano na umugani

Sasa tupande bara. Kabanga iko Kasulu, katika nyanda za juu ambazo zamani zilikuwa na tawala kadhaa za Waha: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu kaskazini zaidi, na nyinginezo. Muhambwe na Buyungu yamebaki kuwa majina ya majimbo ya uchaguzi. Heru Juu ni jina la kata. Kiha ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, kiasi kwamba wasemaji wake huelewana na Warundi bila mkalimani. Sarufi yake iliyoandikwa na Lotta Harjula ilitoka mwaka 2004.

Katika Kirundi na Kinyarwanda hadithi huitwa umugani, wingi imigani. Hapa kuna nasaba inayofurahisha. Kiswahili kina ngano, hadithi ya kimapokeo, na waalimu wa fasihi simulizi humwita msimulizi wake mganaji. Maneno haya yote hurejea kwenye mzizi wa kale wa Kibantu, -gan-, wenye maana ya kusimulia. Mwanafunzi wa Buha anayedhani kwamba ngano ni neno la pwani lililoletwa na kitabu cha kiada, tena linalomkumbusha unga wa chapati, amelizoea kwa sura nyingine tangu utoto.

Undugu huo una mtego wake. Umugani ni hadithi, lakini pia ni methali. Kitenzi kinachoambatana nacho ni guca, ambacho maana yake ya kawaida ni kukata. Hadithi hukatwa, nayo methali hukatwa. Mfasiri akikuta mzee amesema kwamba atakata umugani, asikimbilie ama methali ama hadithi kabla hajasikia kinachofuata. Nafikiri kuna hekima ya uainishaji ndani ya neno hilo ambayo vitabu vyetu vya tanzu, vinavyopenda masanduku yenye vifuniko, haviioni: methali mara nyingi ni hadithi iliyokunjwa, na hadithi ni methali iliyokunjuliwa.

Kwa masimulizi ya mababu, wafalme na asili ya tawala, Kiswahili sanifu kina kisakale, tofauti na kisasili, ambacho hueleza asili ya ulimwengu, kifo, milima na mengineyo. Kisakale ndicho utanzu ambao Buha ina utajiri wake mkubwa, na ndicho kinacholeta ugumu.

Ntare alitoka wapi?

Mwasisi wa ufalme wa Burundi katika masimulizi ni Ntare Rushatsi. Intare ni simba; Rushatsi inadokeza nywele nyingi zilizosimama. Huitwa pia Cambarantama, jina linalomtaja kama mvaaji wa ngozi ya kondoo. Jan Vansina, aliyekusanya masimulizi ya Burundi mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha uchambuzi wake mwaka 1972, aliyagawa katika mizunguko miwili. Katika mmoja, unaoitwa kwa jina la mto Kanyaru, Ntare anatoka kaskazini, akiungana na ukoo wa wafalme wa Rwanda. Katika mwingine, unaoitwa kwa jina la Nkoma, mlima wa kusini-mashariki mwa Burundi, Ntare anatoka Buha.

Kwa mzee wa Kasulu hili si jambo la maktaba. Ntare ni jina la watawala wa Heru pia. Mwami Theresa Ntare, aliyeitawala Heru katika miaka ya mwisho ya ukoloni na baadaye akaingia katika siasa za TANU na Bunge, alilibeba jina hilo. Anayesimulia kwamba Ntare alitoka Buha anasema kwamba Buha ni chimbuko, na Burundi ni tawi. Anayesimulia kwamba alitoka kaskazini anasema jambo jingine kabisa kuhusu nani ni ndugu wa nani, na nani mkubwa.

Jean-Pierre Chrétien alifuatilia katika makala ya mwaka 1981 jinsi masimulizi ya Ntare yalivyobadilika yalipopita mikononi mwa waandishi wa enzi ya ukoloni, ambao walikuwa na nadharia yao kuhusu watawala weupe kidogo waliotoka kaskazini. Mtu wa nywele nyingi wa masimulizi akageuzwa hatua kwa hatua kuwa ushahidi wa nadharia hiyo. Tunajua leo nadharia za namna hiyo ziliifikisha wapi nchi ya Maziwa Makuu. Wengi wa waliozishiriki hawakubuni hadithi mpya. Walichagua toleo moja, wakaliandika, na kwa kuliandika wakalinyanyua juu ya mengine. Hapo ndipo kusimulia upya kunapokuwa na hatari zaidi kuliko kutunga. Mtunzi hujulikana kuwa ametunga. Mwandishi wa toleo moja huonekana kama amerekodi tu.

Jirani na Kabanga, hadithi hizi hazikukaa kimya. Wakimbizi wa Burundi na Kongo wameishi Kasulu na Kibondo kwa miongo: Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo na baadaye ikapokea Warundi, Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015. Liisa Malkki, aliyefanya utafiti miongoni mwa wakimbizi Wahutu wa Burundi nchini Tanzania katikati ya miaka ya 1980, aliona kwamba wale wa makazi ya Mishamo walikuwa wakisimulia historia ya nchi yao kwa mfululizo unaofanana sana, wenye matukio yaleyale na mafunzo yaleyale, ilhali wale waliojichanganya katika mji wa Kigoma hawakuwa na haja ya masimulizi ya namna hiyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1995 aliliunganisha neno la kisasili na neno la historia ili kupata jina la alichokisikia; kwa Kiswahili napendekeza historia-kisasili. Kambi ilikuwa imefanya kazi ambayo zamani ilifanywa na ikulu ya mwami: kuyapa masimulizi hadhira moja, swali moja na jibu moja.

Neno mwami lenyewe ni jaribio kwa mfasiri. Watawala wa Kijerumani waliwaita wenye nchi wa bara masultani, Waingereza wakawaita machifu, na sheria ya mwaka 1963 ilipofuta nyadhifa hizo, ilifuta uchifu. Akiandika chifu katika kisakale cha Ntare, mfasiri amemvisha mwasisi wa ufalme kofia ya mtumishi wa Mkuu wa Wilaya. Mfalme ni bora, ila linamwondoa mahali pake. Mwami limekwisha kuzoeleka katika maandishi ya Kiswahili ya Kigoma, nalo libaki, kama vile mtemi lilivyobaki kwa Wasukuma na Wanyamwezi. Vivyo hivyo mtwale, mtawala wa chini ya mwami; tukimwita jumbe tumemhamishia pwani.

Kutoka Kiha kwenda Kiswahili, kutoka sauti kwenda karatasi

Mwalimu mwanafunzi niliyemtaja mwanzoni huvuka mito miwili kwa mpigo mmoja: anatafsiri, na anaandika. Kwa kawaida hulaumu tafsiri kwa hasara zote. Kwa maoni yangu hasara kubwa hutokea kwenye mto wa pili, nayo huonekana kwanza katika njeo. Nimetunga mfano mfupi. Hivi ndivyo hadithi nyingi zinavyoletwa darasani:

Kijana alitoka nyumbani. Alikwenda hadi Malagarasi. Alikuta mto umejaa. Hakumkuta mwenye mtumbwi. Alirudi kumwambia baba yake.

Kila sentensi ni sahihi, na zote kwa pamoja ni maelezo ya shahidi kituo cha polisi. Mtambaji wa Kiswahili angesema:

Kijana alitoka nyumbani, akaenda, akaenda, hata akafika Malagarasi. Kumbe mto umejaa, maji yanavuma vuuu! Akamtafuta mwenye mtumbwi asimwone. Akatazama huku, akatazama huku. Basi akarudi mbio kwa babaye.

Kiambishi -li- kimetumika mara moja tu, kuweka wakati. Baada ya hapo -ka- huchukua mzigo, kwa sababu kazi yake ni kuonyesha kwamba tendo limezaliwa na lililotangulia. Marudio ya akaenda ndiyo umbali wenyewe; kuyafuta kwa kuandika "alikwenda mbali sana" ni kubadilisha safari kuwa taarifa ya safari. Kumbe hutupa macho ya kijana: tunauona mto pale anapouona yeye, na ndiyo maana vitenzi vinavyofuata, umejaa na yanavuma, havihitaji kurudishwa kwenye wakati uliopita. Jambo moja ambalo hata walimu husahau: -ka- ya masimulizi haina ukanushi wake wa moja kwa moja. Mnyororo unapofika kwenye kutofanikiwa, Kiswahili hutumia umbo la asi-, "akamtafuta asimwone". Mwanafunzi asiyelijua umbo hili hulazimika kukata mnyororo kwa hakumwona, na hadithi hujikwaa.

Tanakali za sauti hupata msiba mkubwa zaidi. Mkusanyaji huziona kama mchezo wa watoto, huzifuta, au huzibadilisha kwa kielezi kama "kwa sauti kubwa". Kamusi zetu zimechangia kosa hilo kwa kuzipa nafasi ndogo. Tanakali ya Kiha isiyo na mwenziwe wa Kiswahili iandikwe kama ilivyo. Msikilizaji wa pwani ataielewa kwa muktadha, kama anavyozielewa za kwao ambazo hazimo katika kamusi yoyote.

Nyimbo za ndani ya hadithi zina hali ya pekee. Kiha ni lugha ya toni, Kiswahili si lugha ya toni, na katika lugha za toni kiimbo cha wimbo hakikai mbali sana na toni za maneno. Maneno ya wimbo pia huwa ya kale kuliko maneno ya nathari inayouzunguka, wakati mwingine hata msimulizi hajui maana ya kila moja. Wimbo ukitafsiriwa peke yake na asili ikatupwa, kinachobaki ni mistari inayojirudia bila sababu, na mhariri atakayefuata ataipunguza kwa nia njema kabisa. Wimbo ubaki katika Kiha ndani ya maandishi, maana yake ifuate kwa Kiswahili. Steere alikuwa na busara hiyo mwaka 1870. Aliziacha nyimbo za Kiswahili pale pale zilipoimbwa.

Kisha mwanzo na mwisho. Paukwa hujibiwa Pakawa, na shule zimelisambaza itikio hilo nchi nzima; redio ililisaidia, hasa vipindi vya watoto kama Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam, ambavyo viliwafanya watoto wa mikoa yote wasikilize mtambaji mmoja kwa wakati mmoja. Sina ugomvi na hilo. Lakini kuibandika Paukwa juu ya umugani uliofunguliwa kwa namna yake ya Kiha ni kama kubadilisha mlango wa nyumba ya mwenyewe kabla ya kuipiga picha. Mwishoni nako hungoja funzo. Vitabu vya kiada vimewazoeza wanafunzi kumalizia kila hadithi kwa sentensi inayoanza na "Hadithi hii inatufundisha", hata visakale, hata vile ambavyo mwami humuua ndugu yake na kutawala kwa amani miaka yote iliyobaki. Mzee aliyenyamaza baada ya tukio hilo alikuwa na sababu ya kunyamaza, na kunyamaza kwake ni sehemu ya maandishi.

Nani amefanya nini

Hapa kamusi inaweza kumsaidia mkusanyaji moja kwa moja, maana vitenzi tunavyo vya kutosha, ila tunavitumia ovyo. Juu ya hadithi iliyokusanywa Buha mara nyingi hukuta maneno "imetungwa na", likifuatiwa na jina la mwanafunzi. Kutunga ni kuumba utungo. Aliyesikiliza akaandika hakutunga; amenukuu, au amenakili kama alikuwa na maandishi mbele yake. Aliyeihamisha kutoka Kiha hadi Kiswahili amefasiri au ametafsiri. Baadhi ya walimu hutenga kufasiri kwa kueleza maana na kutafsiri kwa kuhamisha matini, nao utengano huo hauna madhara. Aliyeifupisha kwa ajili ya darasa la tatu amehariri. Aliyeigeuza tamthilia ameitohoa, ingawa wanaisimu tunalitumia neno hilo zaidi kwa maneno yaliyokopwa yakavishwa sauti za Kiswahili. Na aliyeichukua hadithi yote, akaijua, akaisema upya kwa namna yake mbele ya wengine, huyo amesimulia, na ndiye ambaye kitenzi kutamba kiliwekewa.

Katika ukurasa mmoja watu hao wote wanaweza kuwapo, na kila mmoja apewe kitenzi chake. Kwa kisakale kama cha Ntare, mkusanyaji aongeze pia kijiji na mwaka wa kusimuliwa, na kama kuna toleo la pili lililosikika mlima wa pili, aliandike karibu na la kwanza bila kuyapatanisha. Mzee wa kwanza akisema Ntare alitoka Buha, na jirani yake, aliyekulia ng'ambo ya mpaka, akisema alitoka kaskazini, maandishi yabaki na Ntare wawili. Jina nalo liachwe Ntare. Tukimwandika Simba, msomaji wa Kiswahili atamweka porini pamoja na sungura na fisi, na kisakale cha ufalme kitakuwa kimesomwa kama hadithi ya wanyama.